Barua ya Wazi kwa Paroko na Baraza la Parokia: Turudishieni Kengele Yetu

Kwa Baba Paroko,
Kwa Mwenyekiti na wajumbe wote wa Baraza la Parokia,
Kwa wajumbe wa Kamati ya Fedha,
Parokia yetu ya kijijini, Malindi.

KUH: KENGELE YA KANISA ILIYONYAMAZISHWA NA KANDA YA SAUTI ILIYOWEKWA MAHALI PAKE

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninaandika barua hii hadharani shingo upande, baada ya njia zote za faragha kunishinda. Mwezi wa Februari nilileta ofisini barua ya kurasa mbili, nikaikabidhi kwa mkono na kuambiwa nisubiri. Mwezi wa Mei nililieleza jambo hili kwenye kikao cha wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, nikajibiwa kwamba halikuwa kwenye ajenda. Mwezi wa Agosti nilikuja mwenyewe nyumbani kwa mapadre pamoja na mwenyekiti wa jumuiya yetu; tulikaribishwa vizuri, tukapewa chai na tukapewa ahadi. Chai tuliinywa, ahadi bado tunaisubiri.

Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mambo yanayohusu manufaa ya Kanisa, na hata kuwajulisha waamini wenzao, mradi heshima kwa wachungaji ilindwe. Nimejitahidi kuilinda. Baba Paroko, umri wangu ungeniruhusu kukuita mwanangu, lakini altareni wewe ndiye baba, nami nakuandikia nikiwa nimevua kofia.

Sina ufundi wa vyuma wala sikusomea liturujia. Ninachokijua ni kengele hiyo moja tu, ambayo niliipiga kwa miaka minane nikiwa kijana, kabla sijaondoka kwenda chuo cha ualimu. Aliyenifundisha alikuwa katekista wetu wa zamani, Mungu amrehemu, na somo lake la kwanza lilikuwa kwamba kengele haivutwi, husindikizwa: unaipa mwanzo, unaiachia irudi yenyewe, na mkono wako unaifuata kamba badala ya kushindana nayo. Kamba yenyewe wakati huo ilikuwa ya makumbi ya nazi, iliyosokotwa hapa hapa kijijini, na viganja vyangu vinaikumbuka hadi leo. Kengele ile ni ya zamani kuliko jimbo letu la Malindi, lililoanzishwa mwaka 2000 kwa kumegwa kutoka Mombasa na Garissa, na ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaopita chini yake kila Jumapili.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kengele inaharibiwa, na inaharibiwa na sisi wenyewe.

Kamba ilikatika zaidi ya miaka miwili iliyopita. Badala ya kununua nyingine, mtu alipanda mnarani akaufunga ulimi wa kengele kwa waya ili usicheze upepo unapovuma, na tangu hapo, siku za sikukuu, vijana hupandishwa wakiwa na nyundo ya seremala wakaigonga kengele kwa nje. Nimeishuhudia kazi hiyo kwa macho yangu siku ya somo wa parokia, nikashindwa kula pilau.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili ni la hatari, kwa sababu naamini linafanywa kwa kutojua. Kengele ya kanisa huyeyushwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, karibu sehemu nne za shaba kwa sehemu moja ya bati. Bati hilo jingi ndilo linaloipa sauti ndefu inayotembea hewani, na ndilo hilo hilo linaloifanya iwe ngumu na yenye kuvunjika kama chungu. Ulimi wa kengele hutengenezwa na kutundikwa kwa namna ambayo hugusa ukingo mnene mara moja tu na kuondoka, ili chuma kiachane na shaba na sauti ipate nafasi. Nyundo ya mkononi haijui kuondoka kwa wakati, na tena hupiga popote pale mkono wa kijana ulipoelekea. Kengele nyingi duniani zimepasuka kwa namna hii, na nyingine kwa sababu mtu alifunga kamba kwenye ulimi wenyewe akawa anaubamiza ukutani mwa kengele ikiwa imesimama tuli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kengele hauzibiki kirahisi namna hiyo, kwa kuwa kuiunganisha upya kunahitaji tanuri la kuipasha moto kengele nzima polepole na kuipoza polepole, na fundi wetu wa kuchomelea mageti hapa sokoni, pamoja na sifa zake zote, akiigusa ndiyo itakuwa mwisho wake.

Kuna pia suala la rangi. Kabla ya Kipaimara mwaka jana kengele ilipakwa rangi ya fedha ili ipendeze. Ukijani uliokuwa juu yake ulikuwa ngozi ambayo shaba hujivika yenyewe kwenye hewa yetu ya chumvi, na haukuwa na madhara yoyote. Rangi ndiyo yenye madhara, kwa sababu huifunika sauti kama blanketi. Kilichohitaji kushughulikiwa ni vyuma: misumari, mabano na mihimili inayoibeba, ambavyo vimeliwa na kutu, pamoja na mbao ambazo mchwa wamezifanya makao. Hivyo havikuguswa, nadhani kwa kuwa havionekani kutoka chini.

2. Kanda iliyowekwa kwenye spika haiwezi kuwa kengele yetu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo maumivu yalipo.

Tuliambiwa kwamba spika nne zilizofungwa juu ya paa, pamoja na kifaa chenye sauti za kengele zilizorekodiwa, zingefanya kazi ya mpiga kengele bila kuchoka. Kifaa hicho kinategemea stima, na wote tunaijua stima ya huku kwetu. Ikipotea na kurudi, saa ya kifaa hujirudisha mwanzo, na ndiyo maana tumewahi kuitwa kusali Malaika wa Bwana, sala ya saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, saa nane na robo za usiku. Kigango chetu cha jirani, tawi dogo la parokia, hakina mnara wala spika, kina rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kipande cha nondo cha kuigongea, na sijawahi kusikia kwamba rimu ile imekosea saa.

Lakini kukosea saa ni jambo dogo kuliko lililotokea Ijumaa Kuu iliyopita. Kila mtoto wa Komunyo ya Kwanza anafahamu kwamba kengele hupigwa Alhamisi Kuu wakati wa wimbo wa Utukufu, kisha hunyamaza kabisa mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, na kwamba katika siku hizo tunatumia kibao cha mti. Ukimya ule ni sehemu ya ibada. Tulikuwa nje kwenye Njia ya Msalaba, jua la utosi, tumepiga magoti mchangani kwenye kituo cha kumi na mbili, Yesu anakufa msalabani, na ndipo kifaa kilipotufungulia kengele za harusi kwa spika nne, kwa sauti ya kusikika hadi barabara kuu. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa karani ambaye alikuwa amekwenda kwao. Katekista alilazimika kupanda kwenye kiti, kupitisha mkono dirishani na kung'oa waya. Wengine walicheka. Mimi nilimwona mama mmoja mzee, ambaye alikuwa amefunga tangu jana yake, akijifunika uso kwa leso.

Kanda haijui kama ni Kwaresima au Pasaka, haijui kama aliyelala jenezani mbele ya altare ni mtoto au babu. Mpiga kengele huyajua hayo yote, hata akiwa kijana wa darasa la sita asiye na viatu. Katika maelekezo juu ya muziki mtakatifu na liturujia yaliyotolewa Roma tarehe 3 Septemba 1958, wakati wa Papa Pius wa 12, Kanisa lilihimiza desturi ya kengele ilindwe, likakataza mitambo inayoiga sauti ya kengele isitumiwe kwa shughuli za ibada. Najua mengi yalibadilika baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na sitaki kubishana nanyi kwa hati ya zamani. Nasema tu kwamba watu wa wakati ule, ambao hawakuwahi kuziona spika zetu, walikwisha kuliona tatizo.

Jirani yangu, mzee wa Kiislamu ambaye shamba lake la mikorosho limepakana na langu, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwani mpiga kengele wenu alikufa lini? Mbona hamkututangazia tuje tuzike?"

3. Wafu wetu wanaondoka kimyakimya.

Kwa desturi ya parokia hii, mtu akifariki kengele hupigwa mpigo mmoja mmoja, kwa kuuachia kila mpigo ufe kabisa kabla ya kupiga mwingine. Aliye shambani husimamisha jembe. Aliye njiani huuliza ni nani, na kabla ya jioni kijiji kizima kimejua na matanga yamepata watu. Siku hizi taarifa hutumwa kwenye kundi la simu la parokia. Wenye simu za namna hiyo huipata. Wazee wetu wengi, ambao ndio walioishi na marehemu muda mrefu zaidi, huisikia baada ya maziko. Shangazi yangu alikosa kumzika rafiki yake wa utotoni, aliyekaa umbali wa mashamba matatu. Sitaongeza neno.

4. Michango ya kengele haijatolewa hesabu.

Tulichanga mara mbili kwa ajili ya kutengeneza kengele: mara moja kwa bahasha za jumuiya na mara moja kwa mnada wa mazao, ambapo mimi mwenyewe nilinunua kuku wangu niliyemleta. Hatujasomewa hesabu. Ikiwa fedha hizo ndizo zilizonunua spika, tuambiwe. Kanuni ya 1267 inasema sadaka zilizotolewa na waamini kwa kusudi fulani zitumike kwa kusudi hilo tu, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawatolee waamini hesabu ya mali walizozitoa. Simtuhumu mtu yeyote kwa wizi, na naomba nisinukuliwe hivyo. Ninachokisema ni kwamba ukimya wenu unazaa maneno ambayo hamngependa kuyasikia.

5. Kuna fununu kwamba kengele itauzwa.

Inasemwa kwamba wafanyabiashara wa vyuma vikuukuu wamekuja kuiangalia. Kama ni uongo, ukanusheni Jumapili ijayo na tutalala usingizi. Kama ni kweli, nawakumbusha kwamba kengele ile ilibarikiwa, na kanuni ya 1171 inataka vitu vilivyotengwa kwa ibada kwa njia ya baraka vitendewe kwa heshima, hata kama viko mikononi mwa watu binafsi.

Sasa nageukia majibu ambayo nimekwisha kupewa mlangoni na kwenye veranda, ili tusirudiane.

Nimeambiwa kwamba mnara ni hatari. Hilo nakubali kabisa. Ngazi ile nisingempandisha mjukuu wangu. Lakini kama ni hatari kwa mpiga kengele anayesimama chini akiwa ameshika kamba, ni hatari mara kumi kwa kijana anayepandishwa juu akiwa na nyundo. Mnara mbovu hutengenezwa, na katika kuutengeneza kengele hurudi kazini.

Nimeambiwa kwamba majirani Waislamu watakereka. Nimeishi nao maisha yangu yote na sijawahi kusikia hata mmoja akilalamikia kengele. Katika pwani hii jua hutua dakika chache, au hata zaidi ya nusu saa, baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Kwa hiyo kengele yetu ya Malaika wa Bwana ilikuwa ikilia kwanza, ikanyamaza, kisha adhana ya magharibi ikafuata kutoka upande wa pili wa mikorosho. Wanawake wa dini zote mbili walikuwa wakiinjika sufuria za jioni kwa kusikiliza moja na kuepua kwa kusikiliza ya pili. Wanaolalamika sasa wanalalamikia spika, na wana haki, kwa sababu nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009 na spika zetu haziwezi kujitetea mbele yake saa nane za usiku.

Nimeambiwa pia kwamba kengele ni mambo ya kizungu na ya zamani. Pwani haikuanza kuitwa kwa vyombo jana. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na siwa za Lamu na Pate, yale mabaragumu makubwa, zilikuwa zikipulizwa kwenye sherehe kubwa za watawala kabla mababu zetu hawajasikia habari za Roma. Pale Mombasa, Kengeleni ni Kengeleni kwa sababu ya kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Mtaa mzima umechukua jina kutokana na kengele moja, na matatu zinaitaja kila siku. Hatukuiazima sauti hii. Tumekwisha kuifanya yetu.

Na mwisho, nimeambiwa kwamba hakuna kijana anayetaka kuja kupiga kengele saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Mimi niliwauliza watoto wanaotumikia altareni, na watano walinifuata nyumbani wakitaka kujua kama ni kweli kwamba kamba inaweza kukunyanyua miguu ikaacha ardhi. Niliwaambia ni kweli, ukiwa mkaidi.

Kwa hiyo, Baba Paroko na ndugu wajumbe, kwa heshima na kwa msimamo, tunaomba mambo haya:

(a) Kuanzia wiki hii nyundo isipandishwe tena mnarani, na kanda isitumike kwa Malaika wa Bwana, kwa Misa wala kwa mazishi. Spika zibaki kwa mahubiri na matangazo, kazi ambayo zinaiweza.

(b) Mnara na vifaa vya kengele vikaguliwe na fundi mwashi na fundi seremala wanaojulikana, mihimili iliyooza ibadilishwe kwa mbambakofi au mti mwingine usioliwa na mchwa, vyuma vyenye kutu vitolewe, na rangi ya fedha iondolewe taratibu bila kuikwaruza shaba.

(c) Hesabu ya michango yote miwili isomwe baada ya Misa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na stakabadhi.

(d) Wachaguliwe wapiga kengele sita, wavulana na wasichana, kwa zamu. Nitawafundisha mimi mwenyewe bila malipo: mapigo matatu mara tatu kwa kuacha nafasi ya Salamu Maria, kisha tisa, mwito wa Misa, mpigo wa msiba, na namna ya kuusoma upepo, kwani wakati wa kusi nyumba za kusini husikia kwa shida na inabidi kurefusha kidogo.

(e) Tupate jibu la maandishi ndani ya siku thelathini. Tusipolipata, wenyeviti wanne wa jumuiya wamekubali kwenda pamoja nami kwa Dekano, padre anayeziongoza parokia za eneo letu, na barua hii tutakuwa nayo.

Tungependa kengele ilie tena kwenye Utukufu wa Alhamisi Kuu ijayo, kisha inyamaze inavyotakiwa kunyamaza, kisha itushtue usiku wa Pasaka. Muda upo wa kutosha kama kazi itaanza sasa. Kamba nimekwisha kuinunua mjini kwa fedha zangu, mita ishirini, ya katani kwa kuwa ya makumbi sikuipata. Iko nyumbani kwangu juu ya kabati, na anayetumwa na Baraza anaweza kuja kuichukua siku yoyote, isipokuwa Alhamisi, ambapo huwa sokoni.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu mstaafu na mpiga kengele wa zamani,
kwa niaba ya waamini wa jumuiya nne.

Nakala:
Dekano wa dekania yetu
Wenyeviti wa jumuiya zote za parokia
Ubao wa matangazo wa kanisa